Mbona farasi aliyerusha miguu juu kapata alama ndogo? Naomba kuelimishwa kuhusu dresaji

Binti wa Hombolo

Mbukwenyi wakubwa kwa wadogo. Shikamooni mnaostahili.

Nina swali linalonikosesha raha wiki ya pili sasa. Nipo Hombolo, nafundisha shule ya msingi, naishi na baba yangu. Ana miaka 71 na amefuga punda maisha yake yote. Maji ya nyumba hii yalikuwa yakitoka bwawani mgongoni mwa punda hadi juzijuzi tu bomba lilipofika. Tangu goti limsumbue hatembei mbali, basi jioni nikirudi kazini tunakaa barazani na simu yangu.

Wakati wa Olimpiki ya Paris 2024 tulikutana na ule mchezo wa farasi wanaotembea kwa mpangilio, dresaji, pale Versailles mbele ya jumba la wafalme. Baba alikaa wima. Tangu siku hiyo ndiyo burudani yetu, natafuta marudio tunaangalia mpaka bando linakata.

Sasa juzi tumeangalia mashindano mengine. Kaingia farasi mweusi, mrefu, anang'aa. Akikimbia anarusha miguu ya mbele imenyooka kabisa, kama anataka kumpiga mtu teke usoni. Watu walishangilia kwa nguvu alipomaliza. Akafuata wa kahawia, mdogo wake kwa umbo, hana mbwembwe, kama anapita zake tu. Mweusi akapewa asilimia 69. Wa kahawia 76! Niliona kaonewa. Baba akasema kwa utulivu, "Yule mweusi mgongo unamuuma." Nikamuuliza amejuaje, akajibu, "Nimeona mkia." Hakuongeza neno.

Nisaidieni. Majaji wanaangalia nini hasa? Mbona jaji mmoja anatoa 73 na mwenzake 78 kwa farasi yuleyule? Zile herufi pembeni ya uwanja mbona hazifuati alfabeti? Na yule aliye juu anafanya nini, maana mimi naona amekaa tu.

Saisi wa Mpwapwa

Marahaba binti. Mpe mzee salamu zangu na umwambie aliona sawasawa.

Nilikuwa saisi miaka 14 huko upande wa Arusha, kwenye mabanda ya watu wanaopanda farasi kwa starehe na kwa mashindano yao madogo. Nimerudi nyumbani, nafuga mbuzi. Kazi yangu ilikuwa kulisha, kusugua, kusafisha kwato, kutandika, na siku ya mashindano kupanga uwanja. Tulipima kwa kamba mita 60 kwa 20, kama sehemu ya sita ya uwanja wa mpira, na herufi tuliziandika kwa rangi nyeusi kwenye madumu ya lita ishirini.

Nianze na herufi, ni jambo dogo. Unaingilia A, jaji mkuu yuko C upande wa pili. Ukizunguka kutoka A kwa mkono wa saa unakutana na K, V, E, S, H, C, M, R, B, P, F. Katikati kabisa ni X, haina dumu, mpandaji anaijua kichwani. Kazi yake ni kuonyesha tendo lianzie wapi na liishie wapi, basi. Mwili wa mpandaji unapofika usawa wa herufi ndipo farasi abadilike. Akichelewa hatua tatu, alama imeshuka.

Alama sasa. Kila tendo linapewa 0 hadi 10, na nusu zinaruhusiwa. 10 ni bora kabisa, 5 ni imepita kwa shida, 0 ni halikufanyika. Baadhi ya matendo yanazidishwa mara mbili. Mwisho vinajumlishwa na kugeuzwa asilimia. Kwenye ngazi ya juu, inayoitwa Grand Prix, anayepata 70 ni mtu wa kuheshimiwa, 80 ni wa kushindania medali. Kupita 90 ni wachache sana duniani, tena kwenye onyesho la muziki. Jessica von Bredow-Werndl wa Ujerumani na farasi wake jike, Dalera, walipata 90.093 pale Versailles mliyoiona. Farasi Valegro, aliyepandwa na Charlotte Dujardin wa Uingereza, alifika 94.3 London, Desemba 2014.

Tuje kwa mweusi wako. Binti, macho ya mgeni huenda kwenye miguu ya mbele kwa sababu ndiyo inayorushwa. Lakini farasi anasukumwa na miguu ya nyuma, na nguvu hiyo inapita mgongoni kufika mbele. Akiwa kwenye troti ndefu, ule mwendo wa kukimbia kwa hatua ndefu, msimamishe kwenye simu yako kwa kidole. Tazama mguu wa mbele ulionyooka, kisha mguu wa nyuma wa upande wa pili unaokwenda pamoja nao. Mistari yake miwili ilale sambamba. Kama wa mbele umepaa hadi usawa wa kifua na wa nyuma unajikokota chini, ujue mgongo umekaza, farasi anatupa miguu tu. Ni kama kitanda cha kamba: kilichosukwa vizuri kinakubeba na kukurudisha juu, mgongo uliokaza ni ubao, ukiukalia unakupiga. Jaji anajua kukitofautisha kitanda na ubao akiwa mbali.

Na mkia ndio unaosema. Mgongo ukiwa huru, mkia unaning'inia na kuyumba kushoto kulia kwa kila hatua, taratibu, wenyewe. Ukiona umebanwa au unachapwachapwa huku na huku wakati hakuna nzi, kuna jambo.

Nilikuwa na farasi jike mwekundu. Kila akiambiwa aende mshazari kushoto, mkia chap! chap! Wenye farasi wakasema mkaidi, wakataka apandwe na mtu mkali zaidi. Jioni moja nilipomtoa tandiko mgongo wote ulikuwa umelowa jasho, isipokuwa sehemu moja upande wa kushoto karibu na mabega, kama ukubwa wa yai. Pakavu kabisa. Nikapapasa kwa kiganja, ngozi ikatetemeka, akageuza shingo kunitazama. Tandiko lilikuwa likimkandamiza pale hata jasho halitoki. Tulibadilisha pamba ya ndani ya tandiko, tukampumzisha wiki tatu. Mashindano yaliyofuata ule mshazari wa kushoto ulitoka kwenye 4 hadi 6.5, na mkia ulitulia kimya.

Mzee wako aliyeshusha madumu mgongoni mwa punda miaka hamsini hahitaji kufundishwa hilo. Kiganja chake kinajua.

Kuhusu majaji kutofautiana: hawakai pamoja. Kwenye Olimpiki wako saba, mashindano mengine makubwa watano. Wa C anamwona farasi kwa mbele, kwa hiyo ndiye anayejua kama amenyooka au anatembea kama gari lililopinda chesesi. Wa E na B wako ubavuni, wanaona kama miguu ya nyuma inaingia chini ya tumbo. Kila mmoja ana karani pembeni anayeandika alama na neno moja au mawili. Kwa hiyo 73 na 78 zinaweza zote kuwa za haki. Ingekuwa 65 na 80 ningeshtuka na mimi.

Sasa nikupe kitu ambacho watangazaji wanapita haraka. Subiri wakati farasi anaachiwa *kutembea* tu. Anakata uwanja kwa hatua ndefu, hatamu zimelegezwa, shingo inashuka na kunyooka. Watu wanaamka kwenda kununua soda wakati huo. Mimi ndipo ninaposogea karibu. Farasi ametoka kufanya kazi nzito, damu imechemka, uwanja umejaa watu, halafu unamwambia pumua. Aliyefundishwa kwa haraka au kwa woga hawezi, anachezacheza, anataka kukimbia. Aliyetulia rohoni anatembea kama ng'ombe anayerudi zizini jioni, na kwato ya nyuma inakanyaga mbele kuliko alama iliyoachwa na ya mbele. Tendo hilo linazidishwa mara mbili. Mweusi wako lazima alipoteza pale. Rudia utazame.

Mama Muheme, Chamwino

Mdogo wangu, mimi sijui farasi, lakini nimefundisha ngoma vikundi vya akina mama na nimekaa meza ya majaji wa ngoma mara nyingi. Nimesoma maneno ya kaka hapo juu nikaenda kutazama na mimi, nimepata la kuchangia.

Piga paja. Farasi akitembea, kwato nne zinaanguka moja moja: *ta-ta-ta-ta*, nne zilizo sawa. Kwenye troti miguu inakwenda kwa jozi za mshazari, kwa hiyo ni mbili tu: *pa-pa, pa-pa*. Ile mwendo wa kurukaruka…

Saisi wa Mpwapwa

Kanta, dada.

Mama Muheme, Chamwino

Asante kaka. Kanta ni tatu halafu kimya: *ta-ta-ta, mm, ta-ta-ta, mm*. Kile kimya ndicho miguu yote minne iko hewani. Mwanamke anayepiga muheme, ngoma ameibana mapajani, anajua kimya kina uzito kuliko mlio. Akikiharakisha kile kimya, wachezaji wote wanajikwaa. Nikaona farasi mmoja anaingia kona na kile kimya kinakufa, miguu inasikika minne badala ya mitatu. Nikasema huyu kaharibu, na alama ikashuka kweli!

Halafu yale mawili ya polepole. Moja farasi anafanya troti palepale karibu bila kusogea…

Nimeangalia majina: *piafe* ndiyo ya palepale. *Pasaji* ni ile anayosonga mbele kana kwamba kila hatua inakaa hewani kidogo kabla ya kushuka. Nilichokipenda ni kutoka moja kwenda nyingine. Mapigo hayabadiliki hata kidogo, yanabadilika tu mahali pa kukanyaga. Ukiendelea kupiga paja na mkono wako haukupotea, huyo farasi ni fundi. Mkono ukipotea, umeona kosa wewe mwenyewe, huhitaji jaji.

Na kwenye lile onyesho la muziki kuna alama za ufundi na alama za sanaa, zimetenganishwa. Muziki unatafutwa ufuate mwendo wa farasi, siyo farasi aufuate muziki. Sisi pia zeze humfuata mwimbaji.

Mkulima wa Zabibu

Wakuu, mimi nitasema ukweli wangu. Nikitazama naona chuma mdomoni, chuma kisigino, na mnyama anafanya mambo ambayo mnyama hafanyi. Hapa kwetu ukimchapa punda barabarani wanakuja watu wa haki za wanyama na fomu zao. Hawa wa Ulaya mbona tunawapigia makofi?

Saisi wa Mpwapwa

Ndugu yangu, swali lako ni la haki na sitalikwepa, maana nimeona ya kuumiza kwa macho yangu. Wapo wanaofundisha kwa fimbo. Mwaka 2024, siku chache kabla ya Paris, mpandaji mmoja maarufu wa Uingereza alijiondoa baada ya video kutoka ikimwonyesha akichapa miguu ya farasi wakati wa mafunzo, na shirikisho la kimataifa la michezo ya farasi likamfungia mwaka mzima. Huyo alikuwa na medali za Olimpiki. Kwa hiyo medali peke yake haikuambii kilichotokea bandani.

Lakini mambo ambayo farasi hafanyi? Hapana. Mwachie dume asubuhi yenye baridi amwone jike ng'ambo ya uzio. Atakufanyia pasaji mpaka ushike mdomo. Atabadilisha miguu akikimbia, atageuka juu ya miguu yake ya nyuma. Kinachofundishwa ni kuyafanya hayo kwa kuombwa, akiwa na mtu mgongoni.

Mtazamaji ana namna ya kujua. Tazama uso. Mstari wa paji hadi pua uwe karibu wima, pua ikitangulia kidogo mbele. Ukiona kidevu kimevutwa hadi kifuani, huyo analazimishwa. Shirikisho lilishatamka mwaka 2010 kwamba kumkunja shingo kwa nguvu hakukubaliki. Tazama mdomo: uwe umefungwa kwa utulivu, na povu jepesi, kwa sababu anatafuna lijamu taratibu. Mdomo wazi, ulimi umetoka pembeni, meno yanaonekana, hapo alama zinapaswa kushuka, na zisiposhuka nakuunga mkono kulalamika. Damu ikionekana anatolewa uwanjani.

Na hapa namjibu binti aliyeuliza mpandaji anafanya nini. Dodoma tumelisikia neno kushika hatamu tangu tukiwa watoto. Hatamu yenyewe inashikwa kama unavyomshika mtoto mkono mkivuka barabara ya Dar: hukazi mpaka alie, huachii mpaka akuponyoke. Kumsemesha farasi kwa sauti au kumwita kwa kualiza ulimi hakuruhusiwi, anakatwa alama. Amebaki na uzito wa makalio, mashavu ya miguu na vidole. Ukiona amekaa tu, ujue anafanya kazi vizuri. Yule unayemwona akipiga mateke na kuvuta ndiye asiyeelewana na mnyama wake.

Kulikuwa na mwanamke wa Denmark, Lis Hartel. Alipata polio mwaka 1944 akiwa mjamzito, miguu ikapooza kuanzia magotini kwenda chini. Mpaka wakati huo Olimpiki ya dresaji ilikuwa ya maofisa wa jeshi tu. Wasweden walinyang'anywa dhahabu yao ya mwaka 1948 kwa sababu mmoja wao, Gehnäll Persson, alikuwa sajenti aliyepandishwa cheo kwa ajili ya michezo na kurudishwa chini baada yake. Ilipofunguliwa kwa raia na wanawake, Helsinki mwaka 1952, Lis alikuja. Alisaidiwa kupanda farasi, alisaidiwa kushuka. Alichukua medali ya fedha, akawashinda wanaume na maofisa wote isipokuwa mmoja, na mwaka 1956 akaichukua tena. Huyo hangeweza kumlazimisha farasi hata angetaka, miguu yake haikuwa na nguvu za kumbana. Jike wake, Jubilee, alisikiliza uzito wake unavyohama juu ya tandiko. Ndugu yangu, mimi huyo nampigia makofi nikiwa nimesimama.

Mkulima wa Zabibu

Hilo la Lis sikulijua. Nimekuelewa mzee. Bado naona kusubiri damu ionekane ndipo farasi atolewe ni kuchelewa, wangemtoa pale mdomo unapofunguka. Lakini nimekuelewa.

Saisi wa Mpwapwa

Hapo tunakubaliana kabisa.

Binti, fanya hivi leo. Chukua daftari, ziba nusu ya mbele ya farasi kwenye kioo, mtazame kuanzia tandiko kwenda nyuma tu. Mzunguko mzima. Halafu uniambie kuhusu mweusi.

Binti wa Hombolo

Shikamooni tena. Nimechelewa kurudi, tulikuwa na mitihani, na bando.

Tumefanya. Nilishika daftari la darasa la nne juu ya kioo, baba akasogeza kigoda. Mweusi bila miguu ya mbele siyo yule niliyemwona! Miguu ya nyuma mifupi, imepanuka, kama mtu anayetembea na kiatu kinachobana. Mkia ulipigwa upande wa kulia, baba akihesabu kwa mbegu za ubuyu, anaweka moja sakafuni kila unapochapwa. Zilifika kumi na tisa kabla hajamaliza. Kwenye ile sehemu ya kutembea alirukaruka hatua nne, mpandaji akakaza hatamu. Na mimi siku ile nilikuwa nimesogeza mbele sehemu hiyo ili tuwahi yanayopendeza.

Wa kahawia tulimwekea daftari pia. Baba hakutumia mbegu hata moja.

Kuna pale wanapobadilisha mguu kila hatua, kama watoto wangu wanavyorukaruka wakitoka shule. Kaka alisema tuhesabu?

Saisi wa Mpwapwa

Sikusema, lakini hesabuni. Kwenye Grand Prix zinatakiwa 15 za kila hatua, na 9 za kila hatua mbili. Na kile kigeuko cha kanta, piruweti, mzunguko kamili uishe kwa hatua sita hadi nane.

Binti wa Hombolo

Basi tulihesabu sawa! Wa kahawia alifika 15. Mweusi tulipata 12, halafu akakosea, halafu mbili. Baba akasema mpe 4. Majaji walitoa kati ya 4 na 5.

Ana swali lake mwenyewe, ameniagiza niliandike kama alivyosema: "Muulize huyo wa Mpwapwa, farasi mpaka afike hapo ana umri gani, na anayempanda naye umri gani mwisho?"

Saisi wa Mpwapwa

Mwambie Grand Prix farasi haruhusiwi kabla ya miaka 8, na anaanza kufundishwa akiwa na mitatu au minne. Wengi wanakuwa wazuri zaidi wakishapita kumi.

Mpandaji hana mwisho. London mwaka 2012 alishindana Mjapani, Hiroshi Hoketsu. Olimpiki yake ya kwanza ilikuwa Tokyo mwaka 1964. London alikuwa na miaka 71.

Binti wa Hombolo

Nimemsomea. Amenyamaza kidogo, akaomba nimtafutie huyo Mjapani tumtazame, na nisipeleke mbele sehemu ya kutembea.